Mtungi, Mbu na Kosa la Mnakili

(Mazungumzo ya jioni katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, kama msemaji mwenyewe alivyoyaandika baadaye.)

Assalamu alaikum. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mtoroke nikirefusha: hamjambo nyote?

Kabla sijaanza, kichupa hiki kizunguke mkono kwa mkono. Kilikuwa cha jemu. Ndani muna maji ya rangi ya strungi iliyozimuliwa, na humo mnaviona hivyo vidogo vinavyoning'inia kichwa chini, mkia juu. Ni viluwiluwi vya mbu. Vimekaa hivyo kwa sababu vinapumua kwa mkia. Gongeni chupa kwa ukucha: vyote vitazama kwa mkupuo, vikijipinda huku na huku kama uzi uliotiwa moto. Subirini kidogo, vitapanda tena kimoja kimoja. Nimevitoa wapi nitawaambia baadaye. Kifuniko msikiguse, tafadhali.

Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa mageuko ya viumbe na ya virusi vinavyoishi ndani yao. Najua. Neno mageuko likitajwa mjini kwetu kuna watu hukunja uso, wakidhani mtu amekuja kuwaambia kwamba babu yao alikuwa nyani. Leo asubuhi huko Nyali nimepishana na tumbili watatu juu ya ukuta, wakila maembe ya watu. Hakuna hata mmoja aliyenipa shikamoo, wala mimi sikuwaamkia; tumepishana salama, bila ya kudaiana undugu. Mambo ya asili ya mwanadamu wako wanaoyajua kuliko mimi. Kazi yangu mimi ni virusi, na virusi vina jambo moja linalompendeza mwalimu: hubadilika mtu akiviangalia. Havingoji miaka milioni. Msimu mmoja wa mvua huwa unatosha.

Babu yangu mzaa mama, hapo Kuze, alikuwa na sanduku la msaji lililojaa tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nakala za nakala. Zamani utenzi ulipopendwa, mtu aliazima kitabu, akakaa barazani na wino wake, akanakili ubeti baada ya ubeti mpaka amalize au taa izimike. Na mnakili ni mtu: ana usingizi, ana mbu miguuni. Jicho likiteleza, kipande cha ubeti kinarukwa. Babu alikuwa na nakala tatu za utenzi mmoja. Mbili zilikosa kipande kile kile, mahali pale pale. Akaniambia, nami bado mtoto wa chuo: "Hizi mbili mama yao mmoja. Hiyo ya tatu ni binamu." Hakuwa amemuona hata mwandishi mmoja kati ya hao watatu. Kosa ndilo lililomwambia.

Miaka mingi baadaye nilikaa mbele ya kompyuta, nikipanga mistari ya herufi iliyotoka katika damu ya wagonjwa, nikitafuta nani amekosa herufi ile ile mahali pale pale, ili nijue ugonjwa umetoka kwa nani kwenda kwa nani. Nikacheka peke yangu. Ilikuwa kazi ya babu.

Virusi vingi vinavyotusumbua vimeandikwa kwa kitu kiitwacho RNA, mstari mrefu wa herufi za urithi, na kimeng'enya kinachovinakili kwa kawaida hakirudi nyuma kusoma kilichoandika. Hukosea herufi moja katika kila elfu kumi, ama katika kila laki, kikijitahidi sana katika kila milioni. Mwanadamu ana herufi bilioni 3, na mtoto huzaliwa na herufi mpya 60 au 70 hivi tu ambazo wazazi wake hawakuwa nazo. Virusi vya chikungunya, ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo unaoletwa na mbu, vina herufi 11,800 hivi, na ndani ya mgonjwa mmoja hujinakili mamilioni kwa mamilioni. Ina maana kabla mgonjwa hajapata hata panadoli, huenda karibu kila kosa la herufi moja lililowezekana limeshajaribiwa mwilini mwake.

Mengi ya makosa hayo huiharibu nakala, ikafa papo hapo. Mengine hayabadilishi kitu. Machache sana humpa mwenye nalo nafasi. Sasa hapa ndipo watu wengi hupotea, hata watangazaji wetu wa redio: husema virusi "vimejifunza", "vimeamua", "vinatafuta njia". Kosa halina nia, jamani. Linatokea tu, kama lile jicho la mnakili. Anayelihukumu ni mahali lilipoangukia: yuko mbu gani hapo, damu ni ya nani, maji yamewekwa vipi. Na mahali penyewe, mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, tumepatengeneza sisi kwa mikono yetu. Hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Tuanze nyumbani. Mwaka 2004 Pwani ilikuwa na ukame. Lamu maji yalikuwa haba, na maji yakiwa haba watu hufanya lile ambalo mimi na wewe tungefanya: huyaweka. Mitungi, mapipa, ndoo, mabirika, kila chombo chenye mdomo. Mbu aitwaye Aedes aegypti, huyu anayeuma mchana, mwenye madoa meupe miguuni, hapendi mitaro michafu wala madimbwi. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya chombo, kivulini, karibu na watu. Kwa hiyo ukame, ambao mtu angedhani ungeua mbu, uliwajengea mbu hao nyumba. Chikungunya ilipoingia Lamu mwaka huo, watafiti walipopima damu baadaye walikadiria kwamba robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa. Mwisho wa mwaka ikawa hapa Mombasa.

Mama yangu ilimpata. Aliamka alfajiri, akatia miguu chini ya kitanda, akashindwa kusimama. Huyu ni mwanamke ambaye hata homa ilikuwa haimzuii kukaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili za wali. Siku ile nilimuona amekaa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, vidole vimekataa kukunjika. Hakulia. Alikiangalia tu kile kifuu kama kitu cha mtu mwingine. Tukampeleka kwenye zahanati moja, wakasema malaria, wakampa dawa. Tukarudi, wakasema malaria. Mara ya tatu wakasema ni malaria sugu. Silaumu sana, maana wakati ule hata mimi mwenye vyeti sikulifikiria jina hilo. Viungo vyake havikurudi sawa kwa karibu mwaka mzima.

Jina lenyewe ni la Kimakonde, maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953, nyanda za Wamakonde, Newala, kusini mwa Tanganyika. Siku hizi wazungu wanahangaika kulitamka. Ni miongoni mwa maneno machache ya huku kwetu waliyolazimika kuyachukua bila ya kuyabadilisha.

Kutoka hapa virusi vikavuka bahari kwa njia ile ile ya jahazi za mababu zetu, ingawa safari hii huenda vilipanda ndege. Mwanzo wa 2005 ikawa Ngazija na visiwa vyote vya Komoro. Kisha Réunion, kisiwa cha Wafaransa mashariki ya Bukini, yaani Madagaska. Sasa sikilizeni vizuri. Réunion yule mbu wetu wa mtungini ni adimu. Waliojaa huko ni wa jamii nyingine, Aedes albopictus, mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni, asili yake Asia, anayependa bustani na vichaka. Virusi vilivyotoka kwetu havikuwa hodari ndani ya mbu huyo. Vikaenda polepole. Halafu, mwishoni mwa 2005, wataalamu wakaanza kuona kwa wagonjwa herufi moja iliyobadilika. Herufi moja kati ya zile 11,800. Katika protini ya ganda la virusi, mahali pa 226, palipokuwa na kiungo cha kujengea protini kiitwacho alanini pakawa na kingine, valini. Kwa kosa hilo moja, virusi vikaweza kumuingia yule mbu wa bustani kwa wepesi mkubwa. Kisiwa chenye watu wasiofika laki nane kikapata wagonjwa 266,000 hivi. Zaidi ya theluthi! Bara Hindi nako ikawaka. Mwaka 2007 kijiji kimoja cha Italia, ambako hakuna hata mnazi, kikawa na watu wanaotembea wamekunjika.

Sasa swali la babu: je, nakala hizo zote zenye valini mama yao mmoja? Hapana. Walipopanga mistari waligundua kwamba kosa hilo hilo limetokea zaidi ya mara moja, mahali mbalimbali, katika matawi ya virusi yasiyokuwa na undugu wa karibu, kila palipokuwa na mbu yule wa bustani. Wanakili kadhaa, kila mmoja barazani kwake, wote wakakosea neno lile lile, na wasomaji wa kila mji wakalipenda kosa hilo kuliko neno la asili. Mimi kila nikilifikiria hili mwili hunisisimka. Na ilipotupata tena Mombasa, mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, virusi vyetu havikuwa na valini ile. Huku mbu ni yule wa mtungi, herufi ya Réunion ingekuwa na faida gani? Vilikuwa na mabadiliko mengine mawili, ambayo wataalamu wanayahusisha na huyu mbu wetu.

Mtaniuliza: na huyu mbu naye, nani alimfundisha kukaa mtungini?

Hilo jibu lake liko Rabai. Unavuka Makupa, unapita Changamwe kama malori yamekuachia njia, Miritini, Mazeras, unakata kulia. Watalii hupelekwa Rabai kuona alipokaa mmisionari Krapf. Wataalamu wa mbu wa dunia nzima wanaijua Rabai kwa jambo jingine kabisa. Tangu miaka ya 1970 ilijulikana kwamba huko kuna Aedes aegypti wa aina mbili. Mmoja mweusi, anakaa msituni, anataga katika matundu ya miti, anauma wanyama. Mwingine wa hudhurungi, anakaa nyumbani mwa watu, anataga katika mitungi ya maji ya kunywa, anauma watu. Kutoka mlango wa jikoni mpaka msitu ni mwendo wa kutuma mtoto akarudi kabla maji hayajachemka. Ukiwaweka pamoja katika chandarua wanazaana bila taabu. Lakini wakiachwa, kila mmoja ana kwake.

Mwaka 2009 walikusanywa wa aina zote mbili, na vizazi vyao vikalelewa New York, Chuo Kikuu cha Rockefeller. Ndiyo, mbu wa Rabai walipata viza kabla ya wengi wenu. Huko walitiwa katika sanduku lenye vijumba viwili: kimoja unatoka upepo wenye harufu ya mkono wa mtu, kingine harufu ya mnyama mdogo wa kufugwa. Wa msituni wakamfuata mnyama. Wa nyumbani wakamfuata mtu. Carolyn McBride na wenzake wakatafuta tofauti iko wapi, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba sehemu yake iko katika jeni moja iitwayo Or4. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi, kama pua ndogo sana, kinachonusa kitu kiitwacho sulkatoni, ambacho harufu ya mwanadamu inacho kwa wingi kuliko ya wanyama wengi. Mbu wa nyumbani anayo pua hiyo kwa wingi zaidi, na ni kali zaidi.

Na sababu? Mwaka 2020 ulitoka utafiti mwingine, wa mbu kutoka sehemu nyingi za Afrika, na ukaonyesha kwamba mbu hawa humpenda mtu zaidi katika miji mikubwa, na pale ambapo kiangazi ni kirefu na kikali. Fikirini wenyewe. Mahali ambapo miezi mingi hakuna tone la maji ila katika mtungi wa mtu, mbu asiyeuzoea mtungi kizazi chake kinakauka. Anayeuzoea amepata maji, na mwenye mtungi yuko hapo hapo, amekaa, ananukia sulkatoni. Mtungi ndio uliomchagua mbu. Kisha mbu akawachagua virusi. Bibi aliyefinyanga mtungi ule hakuwa na habari na lolote kati ya hayo, Mungu amrehemu.

Hata ndugu za virusi hawa hugawana kwa mbu. Mwaka 1959, Uganda, ulizuka ugonjwa ambao Waacholi waliuita o'nyong'nyong, viungo vinalegea, na ukafika mpaka huku Kenya na Tanganyika. Kwa jumla waliougua walifika milioni mbili hivi. Ni binamu wa karibu wa chikungunya. Lakini yeye amepanda mbu mwingine kabisa, Anopheles, yule wa malaria, jambo ambalo katika ukoo wao halina kawaida. Gari jingine, abiria wa familia moja.

Mzee mmoja, nadhani yuko hapa leo, aliniuliza tukivaa viatu baada ya alasiri: "Mwanangu, ugonjwa ukikaa na watu sana si hatimaye hupoa?" Nikamwambia, mzee wangu, nitakujibu mbele za watu.

Jibu liko kwa sungura. Australia sungura walipelekwa na Waingereza, wakazaana wakala nchi. Mwaka 1950 serikali ikawaachilia virusi viitwavyo miksoma, makusudi. Sungura 100 wakiugua, wanakufa 99 na zaidi. Na aliyekuwa akivisambaza zaidi ni nani? Mbu. Mtaalamu mmoja, Frank Fenner, akawa anakusanya virusi hivyo mwaka baada ya mwaka na kuvipima kwa sungura wa maabara wasiowahi kuvijua. Ndani ya miaka michache virusi vilivyoenea zaidi havikuwa tena vile vikali kabisa. Sungura anayekufa upesi hampi mbu muda wa kumuuma. Anayeugua wiki tatu nne, amejaa vidonda, huyo anawapa mbu wengi. Mpaka hapo mzee amesema kweli.

Lakini vile vile havikupoa vikawa mafua. Vilivyoshinda bado viliua wengi, na sungura nao walikuwa wakibadilika: waliobaki ndio waliozaa, na watoto wao wakawa wagumu. Sungura walipokuwa wagumu, baada ya miongo kadhaa virusi vikali vikarudi kupata faida. Australia, Uingereza na Ufaransa, sungura wa nchi tatu zilizo mbali walibadilika katika jeni nyingi zile zile. Kwa hiyo, mzee wangu, ugonjwa haupoi kwa sababu ya uungwana. Hupoa pale ambapo kupoa kunausafirisha. Pale ambapo ukali unausafirisha, utakuwa mkali. Wale tumbili wa Nyali jamii yao ina virusi vya ukoo mmoja na vya Ukimwi, na kwa kawaida haviwaumizi. Virusi vya ukoo huo vilipomuingia mwanadamu kutoka kwa sokwe wa kusini-mashariki ya Kameruni, karne iliyopita mwanzoni, tunajua sote yaliyotokea. Mwenyeji wa zamani na mwenyeji mpya hawakai na mgeni sawasawa.

Na sisi? Sisi pia tumeandikwa upya na maradhi. Anthony Allison, mzungu aliyekulia hapa Kenya, mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Akaona selimundu, ile damu inayokunjika kama mundu, imejaa Pwani na pembeni mwa ziwa, watu zaidi ya 20 kwa 100 wanayo jeni moja, na milimani haifiki mmoja. Mahali pa jeni hiyo ni pale pale pa malaria. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba mtoto mwenye jeni moja tu, kutoka kwa mzazi mmoja, amekingwa na malaria kali. Mwenye mbili, mnajua. Wengi humu tumezika. Watafiti wa Kilifi wamelifuatilia jambo hili mtoto kwa mtoto, na kinga hiyo ni kubwa sana.

Selimundu nayo ni herufi moja iliyokosewa. Na kiungo kinachoingia katika himoglobini, protini ya damu, kwa kosa hilo ni, amini usiamini, valini. Ile ile ya Réunion. Ni sadfa tu, haina maana yoyote ya ndani, ila mimi sikuweza kuwaficha.

Mama zangu naona mmeanza kuangalia saa, basi hili ni lenu. Katika zile herufi bilioni 3 za kila mmoja wetu, asilimia 8 hivi ni mabaki ya virusi. Virusi vya aina inayojiandika ndani ya kitabu cha mwenyeji viliwahi kuingia katika mbegu au yai la wazee wa wazee wetu, vikashindwa kutoka, vikarithiwa. Vingi ni magofu, kama Gede, ukuta huku kisima kule. Lakini kuna kimoja ambacho mwili ulikitia kazini. Virusi vilikuwa na protini ya kuunganisha seli, ili viingie. Katika kondo la nyuma kuna tabaka ambalo seli zake lazima ziungane ziwe kitambaa kimoja kisicho na mshono, kati ya damu ya mama na mtoto. Protini inayosaidia kuziunganisha, ilitambuliwa mwaka 2000, ni ile ile ya virusi. Inaitwa sinsitini. Wakunga wetu wakizika kondo chini ya mti hawakujua wanazika kazi ya virusi vya kale. Na si sisi peke yetu: paka wa Mji wa Kale ana sinsitini yake, ng'ombe na kondoo yao, sungura yake, kila mmoja kaipata kutoka kwa virusi tofauti, wakati tofauti. Wizi wa namna moja uliofanywa na wezi wasiojuana.

Nimalizie na mihogo, maana harufu ya mihogo ya karai inaingia kwa dirisha na najua mawazo yenu yako huko.

Muhogo ni mgeni. Ulitoka Brazili kwa meli za Wareno. Huko ulikotoka ugonjwa wa batobato, ule wa majani yenye mabaka na kujikunja, haujulikani kwenye muhogo. Virusi vyake ni vya kwetu. Vilikuwa katika mimea ya humu Afrika, vikaupata muhogo shambani. Mgeni alikuja, mwenyeji hakuugua, mgeni ndiye aliyeugua. Mara ya kwanza batobato iliandikwa Usambara, 1894. Kituo cha utafiti cha Amani, huko huko, miaka ya 1930 kikaanza kuuozesha muhogo kwa mpira, mti ndugu yake wa porini, kupata mbegu ngumu. Kaleso mnayoipanda mashambani kwenu ni mjukuu wa kazi ile ya Amani. Lakini nendeni Kaloleni muulize mwenye shamba anapanda nini karibu na nyumba. Atakwambia Kibandameno. Kwa nini? Mtamu. Unaiva upesi. Unaugua, ndiyo, lakini mtamu.

Hapo sina la kumlaumu, mimi mwenyewe nikiupata naununua. Ila angalieni nani anachagua. Mkulima anakata pingili kutoka shina lenye majani yaliyojikunja, kwa kuwa halina tofauti na mengine, anampa shemeji yake wa Malindi, na virusi vimesafiri bila kusubiri nzi mweupe, mdudu anayevibeba kutoka mmea hadi mmea. Mmea mmoja ukiambukizwa virusi vya aina mbili pamoja, hutokea jambo ambalo mnakili mwenye usingizi halifanyi peke yake: kurasa za vitabu viwili huchanganyika. Uganda, miaka ya 1990, ndivyo ilivyokuwa. Virusi vya batobato vya Afrika Mashariki vilichukua kipande kutoka kwa virusi vya batobato vya Afrika, vikatoka virusi vipya, na mashamba yakafa wilaya baada ya wilaya mpaka watu wakaacha kabisa kupanda muhogo. Jambo hilo lilithibitishwa 1997 kwa kusoma herufi. Kosa halikumuuliza mtu. Lakini mmea wenye magonjwa mawili, uliobebwa kwa baiskeli kutoka kilima hiki hadi kile, huo ulibebwa na mtu.

Vijana wa pale mlangoni, ambao mpaka sasa hamjatoroka: kazi hii inataka watu wa hapa. Wakati wa korona, maabara ya Kilifi ndiyo iliyosoma jeni za virusi vya Pwani, hatukungoja majibu ya nje. Kusoma herufi mashine inasoma. Kujua kwamba Kibandameno hupandwa karibu na jiko, kwamba maji ya mkokoteni huja Jumanne na Ijumaa kwa hiyo ndoo hukaa na maji siku tatu au nne, kwamba mtungi wa bibi hauoshwi ndani ili usipoteze ubaridi, hayo mashine haiyajui.

Sasa kichupa changu kiko wapi? Nani anacho? Asante, mama. Naona vimepungua kucheza, vimechoka kugongwa.

Niliahidi kuwaambia nilikovitoa. Nyuma ya ukumbi huu, kando ya choo cha wanaume, kuna pipa la plastiki la bluu, la kutawadhia maji yakikatika. Nimefika saa tisa, nimelifunua, nimechota kikombe kimoja. Hivi ni vya kikombe kimoja. Mlinzi ameniahidi atalimwaga kesho. Nimemshukuru, lakini kumwaga hakutoshi: mbu huyu hatagi ndani ya maji, hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yapande. Lazima lisuguliwe, mpaka kwenye mdomo. Nimekuja na brashi mbili. Nyinyi wawili wa karibu kabisa na mlango, mko karibu na choo kuliko sisi sote. Njooni.